Kijani cha Bondeni

Kiswahili kina rangi tatu tu zilizo zake kwa asili, zivaazo viambishi kama zivaavyo sifa nyingine: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa nguo nyeupe, paka mweusi, udongo mwekundu, na sarufi haigombi. Zilizosalia takriban zote ni za kuazima kwa vitu. Kijivu ni cha jivu, kahawia ni ya kahawa, zambarau ni ya tunda lake, manjano ni ya kile kiungo kitiacho mchuzi rangi, samawati ni ya mbingu zenyewe kwa jina lake la Kiarabu, na kijani ni cha jani. Asemaye kijani, basi, hataji rangi iliyoning'inia hewani peke yake. Anataja jani, na palipo na jani msikilizaji ana haki ya kuuliza: jani la nini, la mwezi gani, limeota wapi?

Swali hilo lilimkuta kijana mmoja wa Makambako alipokwisha kuamini kwamba kazi yake imekamilika. Kijana huyo hurusha droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani, yenye mapanga manne na jicho moja, na riziki yake huitafuta angani: harusi, sherehe za kuwaaga mabinti, uzinduzi wa makanisa, viwanja vinavyosubiri wanunuzi. Mtambo aliununua kwa mtu aliyekwisha kuutumia, kibali cha kuurusha alikifuatilia kwa miezi, na elimu ya kupanga rangi hakufundishwa na yeyote. Aliiokota usiku kwa usiku mbele ya kompyuta, kosa baada ya kosa, kama mshairi asiye na mwalimu aiokotavyo mizani kwa kuhesabu vidole.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Mbeya na mpaka wa Zambia hupita hapo, na hapo ndipo ichepukapo ile ya kwenda Njombe, yapata kilomita 60, na kuendelea hadi Songea. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake hapo, katika mwendo wake wa kilomita 1,860 baina ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Aliyewahi kushuka basi Makambako hukumbuka kitu kimoja kabla ya vyote, nacho ni upepo. Hupiga tambarare bila ya kizuizi, hupeperusha vumbi la malori na kanga za wauza viazi, na droni inayopandishwa hapo hulia kama nyuki aliyekanyagwa. Njombe ni shauri jingine. Mji wake umekaa karibu na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako kiasi cha sehemu moja katika tano ya hewa imekwisha kubaki chini. Mapanga hayapati hewa nzito ya kushika, na betri hunywea kwa baridi. Kwa hiyo kijana huyu huzibeba kwapani, ndani ya koti, kama mtu aliyeokota vifaranga njiani.

Kazi inayosimuliwa hapa haikuwa ya harusi wala ya kanisa. Baba yake alikuwa amefariki, akaacha shamba upande wa Njombe: mgongo wa kilima wenye milingoti na misindano, ubavu wa mahindi, na chini kabisa bonde. Watoto walikuwa wametawanyika, wengine Dar es Salaam, mmoja Mwanza, na mama alikuwa amebaki na kitinda mimba wake huyu. Ardhi ya Njombe ina wachumba siku hizi. Parachichi zimeipandisha bei, na alikuwapo mtu aliyetaka kununua kipande. Ndugu hawakugombana. Walitaka tu kujua wauze kipi na wabakishe kipi, na wengi wao hawakukanyaga shamba hilo kwa miaka. Kaka mkubwa akapiga simu: "Mdogo wangu, wewe si una hicho kidude chako? Turushie, tuone kote kwa mara moja."

Akarusha. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, saa sita za mchana, kwa sababu saa hiyo upepo ulikuwa umetulia na yeye alikuwa na harusi ya kuwahi jioni. Kila mpiga picha anajua kuwa hiyo ni saa mbaya. Njombe iko yapata nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na baina ya Septemba na Oktoba jua la adhuhuri huipitia karibu kabisa juu ya utosi. Kitu kikiangaziwa kutoka utosini hukanyaga kivuli chake mwenyewe, na ardhi isiyo na kivuli, ikitazamwa kutoka juu, haina mwinuko wala mteremko. Kilima na bonde hulala pamoja kama nguo iliyopigwa pasi. Juu ya hayo, huo ndio msimu wa kuchoma mabaki ya mashamba. Moshi hutanda siku nyingi, na mwanga unaopita ndani yake hufika umechoka.

Picha alizoshuka nazo zilikuwa za kijivu. Asiyejua angedhani kamera imeharibika, kumbe ilikuwa imetii amri. Kamera hizi zina namna ya kunasa ambayo haikolezi kitu: hupunguza makali ya jua na kuinua giza la vivuli, ili vyote viwili vipate nafasi ndani ya faili moja, na mwenye kazi aje kuvipanga baadaye mwenyewe. Ni kama unga uliochekechwa. Si chakula bado. Na hapo ndipo ilipo kazi yenyewe ambayo watu wengi huiita kwa jina moja la kuboresha picha, ingawa kwa hakika ni kazi mbili zenye tabia mbalimbali.

Ya kwanza ni kurejesha. Jicho la kamera si jicho la mtu. Kila nukta ya kihisio chake hupokea mwanga tu, bila ya kujua rangi, na ili ijue rangi hufunikwa kichujio kidogo sana: chekundu, cha kijani au cha samawati. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na hataza yake ilitolewa Julai 1976, mwezi ule ule ambao reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi kwa wenyewe. Katika kila nukta nne za Bayer, moja huona wekundu, moja huona samawati, na mbili huona kijani, kwa kuwa jicho la binadamu nalo huhisi zaidi mwanga ulio upande huo. Kwa hiyo kamera irukayo juu ya Njombe huenda huko ikiwa imekwisha kuelemea upande wa majani kabla ya kuona jani hata moja. Kutokana na nukta hizo kompyuta hukisia zilizosalia. Tena kamera haijui weupe ni nini mpaka iambiwe. Ikiachiwa ijiamulie, hugeuka njiani: ikielekea msituni hudhani dunia imezidi ukijani, ikaipoza, ikigeukia barabara ya udongo hudhani imezidi wekundu, ikaipoza tena, na katika kipande kimoja cha sekunde 20 mtazamaji huona mbingu ikibadilika bila ya wingu kupita. Kusawazisha hayo ni haki. Kupunguza weupe wa mawingu kabla haujaungua nako ni haki, na hilo hufanywa wakati wa kunasa, maana wingu lililoungua ndani ya faili halirudi tena kwa dua wala kwa programu, ilhali giza huweza kuinuliwa kidogo, kwa gharama ya chenga. Kuondoa utusitusi wa moshi kiasi, ili kilima cha mbali kirudi kuwa kilima, ni haki vilevile. Anayefanya hivyo huirudishia picha kile ambacho mtu aliyesimama pale angekiona kwa macho yake.

Ya pili ni kuremba. Nayo si haramu. Pasingekuwa na kuremba pasingekuwa na sinema wala ushairi. Mwaka 2000 ilitoka Marekani filamu ya ndugu wawili wa Coen, *O Brother, Where Art Thou?*, iliyopigwa Mississippi wakati wa kiangazi chao ambapo kila kitu kimejaa majani. Mpiga picha wake, Roger Deakins, alitaka nchi iliyokauka, ya vumbi na ya picha za zamani, na kwa kuwa miti haikukubali kukauka kwa ajili yake, filamu nzima ilipitishwa katika kompyuta na kijani chake kikageuzwa manjano na kahawia. Huhesabiwa miongoni mwa filamu ndefu za mwanzo kufanyiwa hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Watazamaji hawakudanganywa, kwa sababu hakuna aliyekwenda sinema kununua shamba la Mississippi.

Kijana wa Makambako alifanya kinyume cha Deakins. Alikuwa na nchi iliyokauka na alitaka majani. Alikuwa pia na majedwali ya rangi yaliyotengenezwa tayari, yale yanayouzwa na kugawiwa kwa wapiga picha wa dunia nzima, ambayo ukiyabandika juu ya picha, ngozi za watu huelekea rangi ya chungwa na vivuli huelekea samawati ya bahari. Yametungwa kwa ajili ya fukwe na majangwa ya watu wengine. Alilibandika moja. Kisha akashika manjano yote ya nyasi kavu akayasukuma upande wa kijani, akakoleza, akasafisha moshi mpaka mbingu ikang'aa kama sahani ya bati. Alipomaliza, shamba la marehemu lilipendeza hata yeye mwenyewe akalionea fahari. Usiku ule akaituma kwa ndugu zake.

Sifa zilimiminika. Dada wa Mwanza alilia. Kaka mkubwa alitazama mara mbili, akapiga simu, naye akasema neno lililoonekana la busara: "Kumbe kote kunafanana. Basi tuuze hapo chini karibu na barabara, tubakishe juu kwenye miti ya mzee." Hapo chini ndipo bondeni. Hakuna aliyepinga. Kwa picha ile, mtu angepinga kwa hoja gani?

Asubuhi yake kijana alimpelekea mama yake simu jikoni. Mama alikuwa akimenya viazi karibu na moto, na khanga mbili mabegani kwa baridi. Alitazama mpaka mwisho, akafuta mkono, akaomba irudiwe.

"La nani shamba hili, baba?"

"Letu, mama. Kule kwa mzee."

"Letu?" Akaisogeza simu mbali kidogo na macho. "Mbona sivioni vinyungu?"

Msomaji wa visiwani huenda hajakutana na neno hilo. Katika nyanda za Iringa na Njombe, mvua zinapokoma na mlima ukaanza kukauka, wakulima hushuka mabondeni ambako maji hayaendi mbali na uso wa ardhi. Huko huinua matuta, huchimba vijifereji vya kuondoa maji yaliyozidi, na hupanda mahindi, maharage na mboga kwa unyevu tu uliobaki ardhini. Hivyo ndivyo vinyungu. Mahindi mabichi yanayochomwa kando ya barabara wakati ambapo mlimani hakuna hata bua lililosimama hutoka huko. Ada za shule za Januari hutoka huko pia, katika nyumba nyingi, na katika nyumba hii zilitoka huko kwa watoto wote, akiwamo kaka mkubwa aliyependekeza bonde liuzwe.

Mwishoni mwa Septemba, kwa macho, shamba lile ni la kahawia lote, lenye utepe mmoja wa kijani chini yake. Utepe huo ndio habari yote. Kijana alipolifanya shamba zima kuwa kijani hakuongeza kitu, alifuta kimoja. Kijani alichokitia kilikimeza kile kilichokuwapo, na bonde lililowasomesha likawa sawa na nyasi za mlimani ambazo hata mbuzi hazitaki mwezi huo.

Hapa inafaa kusema kwamba kosa lake halikuwa la uongo. Hakukusudia kumuuzia mtu mbuzi ndani ya gunia. Alilipenda shamba, na aliyempenda mtu humvisha nguo nzuri siku ya kupigwa picha. Kosa lilikuwa la kutojua kijani ni kingapi. Mtu aliyezaliwa Njombe anakijua kwa miguu yake, lakini mikono yake ilikuwa imefundishwa na kompyuta. Chai ikichipua ina kijani chenye manjano ndani yake, na muda kidogo kabla ya kuchumwa huonekana kama taa iliyowashwa chini ya ardhi. Miwati ina kijani kilichochanganyika na jivu. Misindano hukaribia weusi, hasa ikiwa imebanana. Milingoti, upepo ukiigeuza majani, hutoa kitu kilicho baina ya kijani na fedha. Mparachichi una jani zito linalorudisha mwanga kama ngozi iliyopakwa mafuta. Na jani la mahindi ya kinyungu mwezi wa Septemba lina ubichi ambao hauna jina, maana halilinganishwi na kitu kingine chochote kilicho hai wakati huo. Gurudumu moja la kukoleza kijani huyafanya haya yote kuwa ndugu wa baba mmoja.

Na si kijani peke yake. Mwanga nao una wenyewe. Mtu wa pwani amelelewa na mwanga unaotoka juu na kurudi tena kutoka chini: mchanga mweupe huurudisha, maji huurudisha, kuta za chokaa huurudisha, mpaka kivuli chenyewe cha Mji Mkongwe kina weupe wa kuazima ndani yake. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ilipoanza kuvipiga picha visiwa kwa droni ili kuvichorea ramani, pamoja na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, eneo lilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na katika kazi ya namna ile hakuna anayetaka picha ipendeze. Anataka paa la makuti lijulikane ni la makuti na la bati lijulikane ni la bati. Ni picha zisizo na urembo, nazo zina uzuri wa kitu kilichotazamwa kwa heshima. Lakini mwanga ule wa visiwani, ukichukuliwa kama ulivyo na kubandikwa Njombe, hauna pa kukaa. Njombe haina kinachourudisha. Udongo wake mwekundu huunywa, misitu huunywa, na mwezi wa Julai ukungu hushuka mpaka saa nne za asubuhi, ukateleza baina ya vilima na kuvikata viuno. Wapo wapiga picha wanaouona ukungu huo kama uchafu wa kioo. Huukamua kwa programu hadi tone la mwisho, na chini yake hupata vilima vikali, vyenye kingo nyeusi na chenga, ambavyo hakuna mkazi wa Njombe aliyewahi kuviona mwezi wa Julai.

Iko mahali mkoani humo ambapo jambo hili huwa zito zaidi kuliko ladha ya mtu. Nyumba Nitu ni msitu na mapango yanayoheshimiwa na Wabena kuwa mahali pa matambiko, na husimuliwa habari za kuku weusi waishio humo bila ya kufugwa na mtu. Jina lenyewe lina maana ya nyumba nyeusi. Kijana huyu aliwahi kwenda huko na mtambo wake, na mzee aliyemkuta alimwambia arushe kando, asirushe juu. Alirusha kando. Alipofika nyumbani aliukuta msitu umekaa katikati ya picha kama wino uliomwagika, na mkono wake, kwa mazoea, ukaenda kwenye kile kitelezo kiinuacho vivuli. Akainua. Yakatoka matawi, yakatoka majani, na pamoja nayo zikatoka chenga nyingi, kwa sababu kamera haikuwa imeona kitu humo, ilikuwa inabahatisha. Alikirudisha chini. Pengine alimkumbuka mzee, pengine alichukizwa na chenga tu. Picha iliyobaki ina weusi wake, nayo inastahiki jina la mahali pale.

Lakini juu ya shamba la baba yake hakuwa na mzee wa kumwonya, mpaka mama alipouliza.

Alirudi shambani siku ya tatu, safari hii saa kumi na moja na nusu jioni, jua likiwa limelala kwenye mgongo wa kilima cha jirani. Kabla ya kurusha alitandaza shuka nyeupe ya mama yake kwenye ubavu ulio wazi, akaweka juu yake sufuria iliyofunikwa kifudifudi, kitako chake chenye masizi kikitazama mbinguni. Watoto waliokuwa wakipita walisimama kucheka. Mpiga picha wa mjini angekuwa na kadi ya viwandani yenye viraba vya rangi. Yeye alikuwa na shuka, sufuria na udongo wenyewe. Shuka ingemwambia weupe ni upi kwa saa ile, sufuria ingemwambia weusi unaishia wapi, na baina yao njia ya udongo ingemwambia kama wekundu umebaki kuwa wekundu. Alifunga kamera isijiamulie. Alivisha lenzi kioo cheusi ili mapanga ya wakati yasikate mwendo wa majani vipande vipande. Akapandisha hadi mita mia hivi, akapita taratibu kutoka juu kwenye miti hadi chini.

Jua la ubavuni lilifanya ambalo kompyuta haikuweza. Kila tuta la kinyungu lilirusha kivuli chembamba juu ya jirani yake, na bonde zima likaonekana limefumwa kama mkeka. Vijifereji vilishika mbingu, vikang'aa. Mlimani nyasi zilisimama kahawia, zikiwa na dhahabu ya saa ile, na mashina ya mahindi yaliyovunwa yalionekana moja moja. Usiku, mbele ya kompyuta, alichukua weupe kutoka kwenye shuka na weusi kutoka kwenye sufuria, na sehemu kubwa ya picha ikajipanga yenyewe. Alipunguza samawati kidogo iliyokuwa imeingia vivulini kwa sababu ya moshi. Alijizuia mara mbili asiguse kijani. Mara ya tatu alikigusa, akakipunguza, maana kihisio kilikuwa kimekizidisha. Jedwali la rangi hakulifungua.

Filamu hii ya pili haikusifiwa. Dada wa Mwanza aliandika kwamba ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, na mwingine akauliza kama kamera ilikuwa na kasoro. Kaka mkubwa hakujibu siku hiyo. Alipiga kesho yake, usiku, akamtaka mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, ule utepe chini kule, ni vile vinyungu vyetu? Bado vinalimwa?"

"Umekula nini wewe mpaka darasa la saba?"

Kimya kilikuwa kirefu, hata kijana akadhani salio limekwisha. Kisha mazungumzo yakahamia kwenye mpaka wa juu, karibu na milingoti, na mnunuzi yule kama angekubali kipande cha huko badala ya bondeni, na bei yake. Hayo hayakuamuliwa usiku ule, wala wiki ile. Mama alirudisha simu, akauliza shuka yake imekwenda wapi, na alipoletewa akaikuta na duara la masizi katikati, akaitia ndani ya beseni bila ya kusema neno.

Alfajiri kijana alitoka na betri kwapani. Alikuwa ameahidi kumpigia jirani shamba lake la chai. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ua. Alisimama kitambo, akasikia sauti za wachumaji wakisalimiana humo ndani, *kamwene*, *kamwene*, bila ya kuonekana mtu, akaweka mtambo juu ya kiambaza na kukaa karibu nao kusubiri.